MJADALA: Vituo vya kuwazuilia wahamiaji wasio na vibali vinasaidia nini hasa?

Nianze na hoja ya wanaovitetea, maana ina uzito. Kila nchi ina haki ya kujua nani kaingia, na mtu ambaye ombi lake la hifadhi limekataliwa akiachwa huru anaweza kutokomea asionekane tena. Hapo sina ubishi. Ninachohoji ni kama kumfungia ndiko kunakomrudisha kwao.

Kisheria kituo cha aina hii si gereza. Aliyemo hatumikii adhabu. Amewekwa pale asubiri kuondolewa. Basi kipimo ni kimoja tu: anaondoka au haondoki? Mara nyingi mkwamo uko ubalozini. Nchi yake ikikataa kumpa hati ya kusafiria, hata awekwe ndani mwaka mzima hati haitoki. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani ililiona hilo ikaweka miezi 6 kuwa kipimo cha kuhoji kama kuna dalili yoyote ya kumwondoa mtu. Umoja wa Ulaya mwaka 2008 ukaruhusu miezi 6, inayoweza kuongezwa hadi 18. Uingereza haina ukomo kabisa, na katika miaka kadhaa ya karibuni zaidi ya nusu ya waliotoka vizuizini waliachiwa kwa dhamana. Kama wataachiwa, walifungiwa kwa nini?

Njia nyingine imeshajaribiwa. Kati ya 2016 na 2017, Marekani iliziacha familia katika miji mitano ziishi uraiani, kila moja ikiwa na mtu wa kuifuatilia na kuikumbusha tarehe za kesi. Gharama ilikuwa takribani dola 36 kwa familia kwa siku, na karibu wote walifika mahakamani. Serikali ikaufuta mpango huo. Najua mtaniambia kufika mahakamani si kuondoka nchini, na kweli walioondolewa chini ya mpango ule walikuwa wachache mno. Lakini ulidumu mwaka mmoja na nusu tu, na kesi hizi huchukua miaka.

Kuhusu hali ya ndani, sitaorodhesha. Machi 2023, katika kituo cha Ciudad Juárez, Mexico, magodoro yaliwashwa moto, na kamera zikaonyesha walinzi wakiondoka bila kufungua mlango wa seli. Walikufa watu 40. Wapo wanaosema mazingira magumu ndiyo yanayowatisha wengine wasije. Hiyo kwangu ndiyo hoja mbaya kuliko zote: inakiri kwamba mtu anaumizwa ili mwingine aone, wakati sheria inasema haadhibiwi.

Kwa hiyo nawauliza mnaoviunga mkono: huyu ambaye ubalozi wake umemkatalia hati, mnataka akae ndani hadi lini? Na akiisha kuachiwa, mtakuwa mmepata nini ambacho kuripoti kila wiki kusingewapa?