Spika za BMW E39 zimechoka: nibadilishe zote au nianzie wapi?

Mwana wa Tudor
Wakuu, salaam. Nina BMW 528i, toleo la E39, ya 1998. Lilikuwa gari la mzee wangu, sasa nalitunza mimi. Injini haina neno na viti vya ngozi bado vinapendeza. Kinachoniuma ni sauti, maana spika ni zile zile za kiwandani. Ya mlango wa dereva inakwaruza nikiongeza kidogo tu. Mimi ni mtu wa taarab. Nikitoka Nyali kwenda mjini nataka kusikia udi, fidla na pumzi za mwimbaji. Mdundo wa matatu siutaki. Duka moja limenishauri ning'oe kila kitu: redio ya skrini, amplifaya mpya, woofa kubwa kwenye buti, waya zote upya. Gari hili sina moyo wa kulikatakata. Nishaurini.

Fundi Redio
Kaka, usikubali kukatiwa waya kabla ya kujua kilichoharibika. Fungua buti, toa kifuniko cha pembeni upande wa kushoto, utazame kama kuna amplifaya. Kama ipo, spika zinalishwa na hiyo, si redio. Watu huunga redio mpya bila kulijua hilo, sauti ikiharibika lawama zinaangukia spika.

Kuhusu kukwaruza, mimi nashuku sponji, ule ukingo unaozunguka koni, yaani uso wa spika unaotikisika. Sponji huoza kwa umri na kwa unyevu, na unyevu wa Mombasa hauna haja ya kuelezwa. Iguse kwa kidole. Ikikuachia vumbi jeusi, imekwisha. Kisha sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawa. Ukihisi msuguano ndani, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inagusa sumaku.

Bint Kizingo
Naongeza hapo kwa Fundi. Ukishatoa spika, ipime kwa mita kabla ya kununua nyingine. Mita ikisoma 3 na ushei, hiyo ni spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Ununue ya omu hizo hizo. Ukiweka ya omu 4 mahali pa omu 2, sauti inafifia; ukiweka ya omu 2 mahali pa omu 4, amplifaya inachemka.

Na wati kubwa zilizoandikwa kwenye boksi zisikubabaishe. Redio iliyoandikwa wati 50 mara 4, ukiipima kwa RMS, yaani nguvu halisi inayodumu, utapata kama 20 kwa kila spika. Tazama desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti: spika ya 91 ikipewa wati moja inatoa sauti ambayo ile ya 88 inahitaji wati mbili kuifikia. Kwa amplifaya ya kiwandani tofauti hiyo unaisikia wazi, hasa kwenye sauti ya mtu.

Mzee wa Likoni
Vijana, mmesahau mlango wenyewe. E39 ina eabegi, mifuko ya hewa ya ajali, ndani ya milango ya mbele. Chomoa betri, iko kwenye buti upande wa kulia, ungoje dakika kadhaa ndipo uguse kitu.

Ukitoa paneli utakutana na foamu iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata. Ile ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie ndani. Fundi mwenye haraka huichana, basi masika ikifika mazulia yanalowa na gari zima linanuka. Ikatie gundi kwa wembe polepole, na ukirudisha uipashe joto ishike tena mzunguko wote. Nimeona magari mazuri yakiozea sakafu kwa uzembe huo, na inaniuma sana.

Salim 4x4
Mimi natofautiana kidogo. Amplifaya ya 1998 nayo ni mzee. Ukisikia mvumo hata redio ikiwa chini kabisa, spika mpya hazitakusaidia. Hapo tafuta amplifaya ndogo ya chaneli nne, na waya za gari zibaki zilivyo.

Mwana wa Tudor
Ahsanteni sana. Amplifaya ipo, na haina mvumo. Nimefungua mlango wa dereva: sponji yote imebaki vumbi, lakini koni inasogea bila kusugua. Sponji ya mlango wa abiria imeanza kupasuka. Nizitengeneze au ninunue?

Fundi Redio
Koili ikiwa nzima, sponji mpya inabandikika, ila itaoza tena. Kwa pwani mimi ningenunua jozi ya mbele yenye ukingo wa mpira na koni ya plastiki, milango yote miwili kwa pamoja ili sauti zilingane. Matundu ya skrubu yasipolingana, tumia pete ya plastiki. Ya mbao za unga hufura zikipata maji. Hizo za zamani zifunge uziweke, siku ya kuuza gari zina thamani. Za nyuma usizishughulikie kwanza. Taarab utaisikia mbele.

Bint Kizingo
Na kabla hujarudisha foamu, washa redio uhakikishe waya za chanya na hasi hazijapishana mlango mmoja. Zikipishana, besi inapotea na mwimbaji hakai katikati.