Aliyejifungua arudi darasa lile lile, au akafanye QT (mtihani wa maarifa kwa walio nje ya shule)?

Mleta mada: Wadau, tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha masomo kwa ujauzito ana ruhusa ya kurudi shule ya serikali hapa Tanzania Bara. Tulikotoka mnakukumbuka: Juni 2017, Chalinze, hayati Magufuli alilikataa jambo hilo hadharani. Zanzibar waliruhusu tangu 2010, Kenya 1994. Mimi nasema arudi. Ila ruhusa hainyonyeshi. Kachanga ka miezi mitano kako nyumbani, mama yuko Kidato cha Pili mpaka saa tisa alasiri. Kufika kipindi cha nne sweta imelowa maziwa kifuani, anajifunika na daftari. Huyo tunamsaidiaje?

Mwalimu wa zamu: Sipingi asome, napinga arudi hapa hapa. Wenzake wana miaka 14, wataona kuzaa ni jambo dogo. Akafanye QT, halafu mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Mleta mada: Mwalimu, hao wa miaka 14 wanamwona anavyosinzia macho mekundu. Nani atatamani hayo? Na vituo vingi vya QT ni vya kulipia, wakati kwako ada ilifutwa 2016.

Mwalimu wa zamu: Si vyote. Wasichana wanaosoma kupitia SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, hawalipi ada.

Mleta mada: Hapo umenipata. Sasa kituo kiko mjini, yeye yuko kijijini na mtoto mgongoni. Nauli?

Bibi mlezi: Wanangu, mjukuu wangu alirudi. Vicheko viliisha vyenyewe. Kinachomtesa ni njia, anatoka giza, anarudi giza. Mimba yenyewe ilianzia kwenye lifti ya bodaboda, na kijana bado anapita hapa mlangoni anapiga honi.

Mpita njia: Ndipo penyewe hapo! Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, kumpa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela. Wazee wanamalizana kwa mbuzi, kesi ikiitwa shahidi kasafiri.

Mleta mada: Hiyo ina mada yake, itatumeza. Bibi kasema la maana: hosteli zingewaokoa wengi kabla ya mimba. Kwa aliyekwisha kuzaa, nataka bodi ya shule imruhusu mlezi alete mtoto mapumziko ya saa nne anyonye. Mwalimu, shuleni kwako hilo linawezekana, au geti linafungwa?