Rubani mdogo anamwambiaje kapteni aache stori ndege ikishuka?

DadaMkubwa_Utawala
Habarini wadau. Ndugu yangu mdogo ni rubani msaidizi, ameanza mwaka jana tu, juzi akiwa hapa kwangu aliniambia kitu kimeninyima usingizi. Kuna kapteni wanapangwa naye sana, mtu mzima, mpole, amerusha ndege miaka mingi, lakini stori zake haziishi hata wakikaribia kutua, ploti ya Kitengela, fees za watoto, siasa, mpaka siku moja mnara wa kuongoza ndege ukawaita mara mbili hawajasikia. Na ndugu yangu akanyamaza. Ananiuliza "sasa dada, mzee wa rika la baba nitamwambia aje aache kuongea?" Wenye mnajua hii kazi nisaidieni.

KaptMstaafu
Pole dada. Sheria iko upande wa mdogo wako. Chini ya futi 10,000 hakuna stori, ni kazi ya ndege peke yake. Wamarekani waliiweka 1981 baada ya ajali kama ile ya Charlotte 1974, marubani walikuwa wanashuka kwa ukungu wakiongea siasa na magari ya mitumba, watu 72 wakafa. Hao hawakuwa wageni kazini, ni mazoea tu. Mimi nikiwa msaidizi tukipita hapo nilikuwa nasema kwa sauti "elfu kumi, kapteni" alafu naanza kusoma chekilisti, ile orodha ya kukagua kabla ya kutua. Hapo hujamnyamazisha mzee, umemuita kazini. Na kwa brifingi, yale maongezi ya kupanga safari kabla ya kupaa, aseme mapema, "nikiona kitu kimetupita nitaongea". Sijawahi ona kapteni akikataa hiyo.

FundiWaHanga
Si stori pekee. 1972 karibu na Miami taa ya gurudumu la mbele haikuwaka, wote kokpiti wakaingilia hiyo balbu, otopailoti, mtambo wa kurusha ndege yenyewe, ikaachilia urefu bila mtu kugundua, ndege ikashuka polepole mpaka kinamasi. 101 walikufa, na ndege ilikuwa nzima kabisa!! Kila nikibadilisha balbu kama hizo nawafikiria. Mmoja ashike shida, mwingine arushe ndege, basi.

Mama_Embakasi
Na ya kwetu tusisahau. Mei 2007 ndege ya kuja hapa Nairobi, uwanja wa JKIA, ilianguka ikitoka tu Douala, Kameruni, watu 114 wakafa. Ripoti inasema kapteni alitamka kwamba otopailoti imeshika kumbe haijashika, msaidizi hakuthibitisha, usiku wa giza, ndege ikalalia kulia polepole na hakuna aliyekuwa anaangalia vipimo vya ndege. Nililia sana nikiisoma. Dada, mwambie kijana hiyo ya mnara kuwaita mara mbili asiiache hivyo, aiandike kwa ripoti ya usalama, si kumchongea mzee, ni ndio kampuni ijue.

DadaMkubwa_Utawala
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemtumia yote. Amejibu tu "elfu kumi kapteni, nimeshika". Kesho alfajiri wako pamoja tena na simu nitalala nayo mkononi.