Natafuta peni ya chuma itakayohimili kazi ya mwaloni, naombeni ushauri

Karani wa Igombe

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa peni za chuma, zile ambazo ukinunua moja unakaa nayo miaka.

Mimi ni karani wa mzani kwenye mwalo wa Igombe, pale mitumbwi inaposhushia samaki, huku Ilemela, Mwanza. Mitumbwi ikifika alfajiri sangara wanapandishwa mzanini, mimi naandika kilo, daraja na jina la mwenye mtumbwi kwenye kitabu cha stakabadhi chenye kaboni. Nakala ya juu anaondoka nayo mvuvi, ya chini inabaki kwa tajiri. Muda wote mikono yangu ina maji na ute wa samaki, na karatasi nayo haikauki vizuri kwa sababu barafu inapondwa hapo hapo pembeni.

Biki za plastiki zimenishinda. Kigololi kikikutana na ute kinateleza bila kuzunguka, wino unakatika katikati ya tarakimu. Hivi karibuni 8 ilikatika upande wa kushoto ikasomeka 3, kilo 68 zikawa 63. Kilichotuokoa ni kaboni: kigololi hakikutoa wino lakini kilikandamiza, kwa hiyo nakala ya chini ilionyesha 8 nzima. Kilo tano za sangara si jambo la kumwambia mtu tutarekebisha kesho. Mvuvi amekesha ziwani, anadaiwa mafuta ya mashine, na vijana wake wamesimama nyuma yake wanangoja mgao. Namba ninayoandika ndiyo chakula chao cha siku hiyo.

Nimeona Parker za chuma mjini. Kuna jamaa pia ananiambia zipo peni za wanaanga zinazoandika hata kwenye karatasi iliyolowa. Bajeti yangu ni elfu 60, nikiona sababu naweza kujikaza nikaongeza kidogo. Nichukue ipi? Ya kubonyeza au ya kifuniko? Shaba, alumini au chuma cha pua? Tafadhali mtu asiniambie ninunue boksi la biki, huko nimeshapita.

Mzee wa Pasiansi

Mdogo wangu, chukua Parker Jotter ya chuma kitupu. Usichukue ile ambayo nusu ya chini ni plastiki. Imeanza kutengenezwa 1954 na bado iko sokoni, na rifili zake, yaani mirija ya wino ya kubadilisha, unazipata hata maduka ya vifaa vya shule. Peni ambayo rifili yake mpaka uagize kila mara haitakufaa kwa kazi hiyo.

Binti Nansio

Kaka, hizo za wanaanga achana nazo. Wamarekani walimwaga mamilioni kutengeneza peni ya kuandika angani, Warusi wakachukua penseli kazi ikaendelea. Chukua penseli, haijali maji.

Mtakwimu wa Ziwa

Dada yangu wa Nansio, hadithi hiyo inapendwa sana lakini haiko hivyo. Peni ile aliitengeneza Paul Fisher kwa fedha za kampuni yake mwenyewe, ikaruka na Apollo 7 mwaka 1968, na mwaka uliofuata Wasovieti nao wakainunua. Kabla ya hapo pande zote mbili zilitumia penseli, na zilikuwa na sababu ya kutaka kitu kingine: ncha ikivunjika kipande kinaelea ndani ya chombo, na risasi ya penseli inapitisha umeme.

Lakini kuhusu maji umesema kweli. Sisi tunaopima urefu na uzito wa samaki tunaandika kwa penseli kwenye karatasi maalumu zisizoloa, mvua inyeshe isinyeshe. Tofauti ni kwamba mwenzetu anaandika fedha za watu. Stakabadhi inayofutika kwa kifutio haitamlinda mvuvi wala yeye karani.

Binti Nansio

Nimekuelewa mkuu, ahsante. Kwa stakabadhi kweli hapana.

Fundi wa Makoroboi

Mwangaluka wakuu. Mimi ni fundi saa, peni za chuma nazo zinapita sana mezani kwangu, kwa hiyo naomba niende taratibu kidogo.

Karani, tatizo lako linaanzia kwenye rifili, mwili wa peni unafuata baadaye. Peni ya kigololi ya kawaida inategemea wino ushuke kwa uzito wake, kigololi kinauchukua kikizunguka na kuupaka kwenye karatasi. Ute ukiingia katikati, kigololi hakipati mshiko, hakizunguki, na hakuna kinachousukuma wino kutoka nyuma. Mwili ungekuwa wa dhahabu bado 8 yako ingekatika.

Rifili ya Fisher imezibwa pande zote na nyuma ya wino kuna nitrojeni iliyoshindiliwa. Wino wenyewe ni mzito, umetulia kama jeli mpaka kigololi kiusugue ndipo unalainika. Kwa hiyo wino unasukumwa hadi kwenye kigololi muda wote, peni iwe imesimama, imelala au imegeuzwa kichwa chini. Inaandika kwenye karatasi yenye unyevu na yenye mafuta. Watengenezaji wanasema inafanya kazi kuanzia nyuzi 34 chini ya sifuri hadi 121 za sentigredi, maana yake hata ukiisahau kwenye dashibodi juani wino hautamwagika.

Sasa hapa ndipo ushauri wa Mzee wa Pasiansi unapopata nguvu. Rifili ya Fisher inakuja na kikofia kidogo cha plastiki. Ukikichomeka nyuma yake, inaingia kwenye peni inayotumia rifili ya umbo la Parker, ikiwemo Jotter. Wajerumani wa Schmidt nao wana ya kwao ya shinikizo, MegaLine 4889, yenyewe ina umbo la Parker tayari. Kwa hiyo nunua mwili unaopatikana mjini, agiza rifili ya shinikizo, na siku ikiisha ghafla unachomeka ya kawaida huku unangoja nyingine. Kazi haisimami.

Tahadhari moja dukani. Umbo hilo la Parker kwenye pakiti linaandikwa G2, urefu wake kama milimita 98. Kuna peni ya jeli ya Pilot nayo jina lake ni G2, lakini rifili yake ni ndefu na haitaingia. Na jeli hata ingeingia usiitumie: wino wake ni wa maji, na peni za jeli hazipendi kukandamizwa. Kitabu cha kaboni kinataka kigololi cha wino wa mafuta unachoweza kukilalia kwa nguvu.

Karani wa Igombe

Fundi, Mungu akubariki. Nilikuwa naangalia mwili tu, ya rifili yalikuwa mageni kwangu. Basi na mwili uwe wa nini? Na kibonyezo hakitaliwa na mchanga?

Kijana wa Buhongwa

Kitaliwa. Mchanga wa ufukweni na magamba ya samaki yakiingia kwenye kibonyezo, springi inaanza kukwama, mwisho ncha hairudi ndani. Mimi ningechukua ile Fisher fupi inayoitwa Bullet. Ni shaba njano iliyopakwa kromu, haina springi wala kibonyezo, ni kifuniko tu. Ukiifunga inaenea kwenye kiganja, ukiifungua kifuniko kinakaa nyuma inakuwa ndefu ya kawaida. Kitu kisicho na sehemu inayocheza hakiharibiki.

Dada wa Minofu

Kaka wa Buhongwa, hapo kwenye kifuniko naomba tubishane kwa heshima, kwa sababu hao sangara wa Igombe ndio wanaokuja kwetu. Nipo kitengo cha ubora kwenye kiwanda cha minofu. Ndani ya chumba cha uchakataji hairuhusiwi peni yenye kifuniko kabisa. Peni tunazotumia ni za kipande kimoja, rangi ya bluu kwa sababu nyama ya samaki haina rangi hiyo, na plastiki yake imechanganywa na chembe za metali ili kipande kikidondoka mashine ya kukagua metali ikikute.

Kwenye mwalo hakuna mashine hiyo. Karani anaandika amesimama juu ya kasha la barafu, mkono mmoja kitabu mkono mmoja peni. Kifuniko kikimponyoka kinaingia kwenye barafu, kinafunikwa, na samaki wanaondoka nacho. Kwa upande wa usalama wa chakula namuunga mkono kuchukua chuma badala ya plastiki, maana plastiki inapasuka vipande na chuma hakipasuki. Lakini iwe ya kubonyeza, isiyo na kitu cha kuvuliwa. Na apitie maungio ya katikati ya peni kila asubuhi kabla ya mitumbwi, yakaze.

Kijana wa Buhongwa

Dada hoja yako ni nzito, sikuifikiria kwa upande wa samaki. Kwa mtu wa ofisini bado nasimama na Bullet. Kwa Karani naondoa neno langu.

Fundi wa Makoroboi

Dada amemaliza. Kuhusu mchanga, dawa ipo: fungua peni, toa rifili na springi, suuza mwili kwa maji ya sabuni, pulizia, acha ikauke kabla ya kufunga. Usitie mafuta ya cherehani kwenye kibonyezo, yanashika mchanga na kuugeuza tope.

Kuhusu chuma. Alumini ni nyepesi, sentimita moja ya ujazo ni gramu 2.7 tu, lakini ni laini, ikikaa na funguo na kisu mfuko mmoja inachubuka na nyuzi za skrubu pale peni inapofungwa zinachakaa mapema. Shaba njano inazidi gramu 8, inajaa mkononi vizuri, ila ikiwa haijapakwa kitu inapiga weusi na kuacha harufu vidoleni. Kwa mtu anayeshika samaki sikushauri. Titani ni nyepesi karibu nusu ya chuma na maji hayaiwezi, bei yake ndiyo inakutoa kwenye bajeti. Chuma cha pua kinakutosha kabisa. Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi ya Dar au Tanga. Chumvi utakayokutana nayo ni ya jasho lako, na hiyo inaondoka kwa kuoshwa.

Kabla hujalipa fungua peni hapo hapo dukani utazame nyuzi zake. Zikiwa na kutu au rangi ya chuma cha pua ikiwa inabanduka kwenye ukingo, hicho ni chuma cha kawaida kilichopakwa. Bonyeza mara nyingi ukiwa umeiweka sikioni, mlio uwe ule ule kila mara. Kama ina sauti mbili tofauti, springi au meno ya ndani hayakukaa sawa.

Karani wa Igombe

Nimeelewa. Bado mambo mawili yananisumbua. Jotter naiona imelainishwa mwili mzima, na mkono wenye ute itaponyoka. Ikiponyoka gatini inazama.

Kijana wa Buhongwa

Zipo zenye mikwaruzo ya makusudi mahali pa kushikia. Zebra F-701 ya Wajapani ni chuma cha pua na inashika vizuri sana mkononi, ila rifili yake ni ya umbo la Zebra wenyewe. Rotring 600 ina mikwaruzo pia na inakula rifili ya Parker, tena ina pembe sita haibingiriki mezani, lakini itapita bajeti yako.

Mzee wa Pasiansi

Kata pete ya mpira wa tyubu ya baiskeli, upana wa vidole viwili, uivute mpaka mahali unaposhikia. Mafundi baiskeli watakupa bure. Ichague nyembamba, ile ya baiskeli za mbio, ya baiskeli za mizigo ni nene na itakuchosha vidole. Ya kuzama: funga uzi wa nyavu kwenye klipu, mwisho mwingine kwenye tundu la kifungo cha ovaroli. Uzi uwe mfupi, usifike kwenye ndoano ya mzani.

Dada wa Minofu

Mpira sawa mzee wangu, shikamoo, ila Karani auvue kila jioni aoshe chini yake. Ute ukikaa humo siku mbili utanuka.

Karani wa Igombe

Shikamoo mzee, na ahsanteni wote. Nachukua Jotter ya chuma kitupu wiki hii nianze na rifili yake ya kawaida, na nimeshaongea na shemeji yangu aliyeko Dar aniagizie za shinikizo. Mpira natafuta kesho. Fundi, niagize ngapi, na ya ncha gani?

Fundi wa Makoroboi

Agiza mbili, nauli ya mzigo inakuwa ile ile. Nyeusi, ncha ya wastani. Ncha nyembamba itachana karatasi iliyolowa ukikandamiza, na nene itajaza tumbo la 8 na 6. Ikifika usishangae kuona kitone cha wino kikikusanyika kwenye ncha, wino mzito una tabia hiyo. Weka kitambaa kikavu mfukoni, futa ncha kabla ya kila mtumbwi.

Mtakwimu wa Ziwa

Na kitabu chako Karani. Hakuna peni itakayoandika juu ya maji yaliyotuama, na kaboni ikiloa nakala ya chini inafifia. Tafuta ubao wa kushikia karatasi, ufunike kwa nailoni ngumu iliyofungwa juu tu, unyanyue unapoandika na kushusha ukimaliza. Simama upande ambao barafu haipondwi.

Karani wa Igombe

Nailoni ninayo nyumbani, hilo naanza nalo kesho alfajiri.