Ritifaa haitokei katika "ng'ombe": je, kibodi imekufa au ni mipangilio ya kompyuta?

KaraniPosta

Ndugu wataalamu, habari za kazi.

Mimi ni karani katika ofisi moja hapa Posta, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuandika barua na mihtasari ya vikao kwa Kiswahili. Kompyuta mpakato niliyokabidhiwa na ofisi inatumia Windows 11. Tangu wiki iliyopita, nikibonyeza kitufe cha ritifaa, skrini haionyeshi chochote mpaka nibonyeze herufi inayofuata, na herufi hiyo hutokea ikiwa imebeba alama kichwani: "ng'ombe" inakuwa "ngómbe", na anwani za Chang'ombe zinasomeka "Changómbe". Alama za kunukuu nazo zinasubiri hivyo hivyo. Alama ya @ inatoka vizuri mahali pake, juu ya tarakimu 2.

Lipo tatizo la pili, ambalo sijui kama lina uhusiano na la kwanza. Herufi moja ikijirudia, mojawapo hupotea nisipoandika taratibu sana: "saa" inakuwa "sa", "taarifa" inakuwa "tarifa", na barua ya "Mkuu wa Idara" inakwenda kwa "Mku wa Idara", jambo ambalo haliwezi kuvumilika katika barua rasmi.

Fundi mmoja wa Kariakoo aliiangalia akasema kibodi imekufa na inapaswa kubadilishwa. Kabla ya kupeleka ombi la fedha niliazima kibodi ya USB ya mwenzangu nikaichomeka, na matatizo yote mawili yakajitokeza vile vile. Naomba ushauri wenu.

FundiSinza

Ndugu Karani, ombi hilo la fedha lisimamishe kwanza, kwa sababu jaribio ulilofanya limekwisha kujibu nusu ya swali. Vitufe vikiharibika, hasara hubaki kwenye kibodi yenyewe, na kibodi nyingine ikichomekwa huandika sawasawa. Kibodi mbili zinapokosea kwa namna ile ile, kosa liko ndani ya kompyuta, mahali ambapo taarifa ya kitufe kilichobonyezwa hugeuzwa kuwa herufi.

Tatizo la ritifaa linatokana na mpangilio wa kibodi unaoitwa "United States-International". Mpangilio huo umetengenezwa kwa ajili ya watu wanaoandika lugha zenye alama juu ya herufi, kama Kifaransa, Kihispania na Kireno. Ndani yake ritifaa haiandikwi papo hapo; inasubiri kuona herufi ifuatayo, na ikiwa ni irabu, vyote viwili huunganishwa kuwa á, é, í, ó au ú. Sisi tunaoandika Kiswahili tunaumizwa zaidi na jambo hili, maana baada ya ng' karibu kila mara inafuata irabu. Ukitaka uthibitisho, andika "ng'we": utaona ritifaa imetoka salama, kwa kuwa w haibebi alama hiyo katika mpangilio huo. Halafu bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl na O ili kibodi ya kwenye skrini ifunguke, kisha ubofye ritifaa na o kwa kipanya. Ikitokea ó ilhali hukugusa kitufe chochote cha kibodi, basi vitufe vyako havina hatia.

Ukweli kwamba @ inatoka juu ya 2 nao unasaidia, kwa sababu unauondoa mpangilio wa Uingereza kwenye orodha ya washukiwa. Katika mpangilio wa Uingereza, Shift na 2 hutoa alama ya kunukuu, na @ hukaa pamoja na ritifaa.

Ili kurekebisha, fungua Mipangilio, nenda kwenye sehemu ya muda na lugha, kisha lugha na eneo. Fungua chaguo za lugha unayoitumia, ongeza mpangilio wa "US" wa kawaida ikiwa haumo, na baada ya hapo ondoa ule wa "United States-International". Ninasisitiza uondoe, usiishie kubadilisha tu, kwa kuwa mipangilio miwili ikibaki kwenye orodha, kubonyeza Windows na kitufe cha nafasi kwa bahati mbaya kutakurudisha ulikotoka. Kama una barua ya kumaliza leo na huna nafasi ya kufanya haya, bonyeza ritifaa, kisha kitufe cha nafasi, ndipo uandike irabu. Ritifaa itabaki peke yake na nafasi haitaongezeka.

Herufi zinazopotea ni habari nyingine kabisa. Windows ina huduma iitwayo "Filter Keys", iliyokusudiwa kuwasaidia watu ambao mikono yao hutetemeka. Kwa namna moja ya kuipanga, hupuuza herufi ile ile ikibonyezwa mara ya pili kwa haraka, na ndiyo maana "taarifa" inapoteza a. Kwa namna nyingine, hulazimisha kitufe kishikiliwe kwa muda kabla ya kuandika. Huduma hiyo huitwa kwa kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, na mtu anayesoma rasimu ya mkono huku kidole kimelala hapo anaweza kuiita bila kukusudia, kisha akakubali ujumbe unaotokea kwenye skrini. Izime katika Mipangilio, upande wa ufikivu, kwenye kibodi, na uzime pia njia yake ya mkato.

AfisaTehamaTemeke

Ninaafiki yote aliyosema mkuu hapo juu, na ninaongeza kwamba draiva ya kibodi, yaani programu inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kibodi, isiguswe katika hali hii. Mafundi wengi huanza kwa kuiondoa na kuisakinisha upya, lakini draiva haiamui ritifaa ifuatwe na nini. Kuisakinisha upya kunafaa pale ambapo vitufe havijibu kabisa ndani ya Windows lakini vinafanya kazi kwenye skrini ya BIOS, yaani kabla Windows haijapanda.

Ukimaliza, chagua kuwasha upya badala ya kuzima na kuwasha. Katika kompyuta nyingi zenye Windows 10 na 11, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili uwashaji unaofuata uwe wa haraka, wakati kuwasha upya huanza mfumo wote mwanzo.

KaraniPosta

Nawashukuru sana. "Ng'we" ilitoka salama na "ng'ombe" haikutoka, kama ilivyoelezwa, na sasa barua zangu zinaandikika. Limebaki jambo moja: baada ya kuwasha upya, nywila yangu, ambayo ina ritifaa ndani yake, imekataliwa kwenye skrini ya kuingilia. Nilifanikiwa baada ya kubonyeza kitufe cha nafasi mara baada ya ritifaa.

AfisaTehamaTemeke

Skrini ya kuingilia ina mpangilio wake, tofauti na wa akaunti yako, na huo bado ni ule wa zamani. Bofya alama ya jicho pembeni ya nywila, pasipo mtu nyuma yako, nawe utaiona herufi iliyobadilika. Kwenye mipangilio ya kiutawala ya lugha kuna kitufe cha kunakili mipangilio yako kwenda kwenye skrini hiyo na kwenye akaunti mpya, lakini kinahitaji haki za msimamizi. Kwa kuwa kompyuta ni ya ofisi, mpelekee afisa wako wa TEHAMA afanye hatua hiyo, na umwombe akague kompyuta nyingine zilizoandaliwa pamoja na yako, maana huenda nazo zina mpangilio huo huo.