Mbwa wangu Sijali kaanguka kifafa baada ya kidonge cha kupe. Ndugu yake Chui nimpe dozi inayofuata au nisimpe?

Mkazi wa Madale:

Wakuu habari za jioni. Naomba wenye uzoefu na madaktari wa mifugo mliomo humu mnisaidie, maana tarehe ya dozi inakaribia na sijui nishike lipi.

Nina mbwa wawili, Sijali (jike) na Chui (dume), ndugu wa tumbo moja, chotara wa German Shepherd. Huku kwetu Madale majani ni mengi na mbuzi wa majirani wanapita getini kutwa, kwa hiyo masika yakiisha kupe wanakuwa balaa. Mwaka jana Chui aliumwa ugonjwa wa kupe, akabaki mifupa mitupu, fizi nyeupe, hata kusimama hawezi. Alivyopona niliapa hawataumwa tena. Safari hii dukani wakanionyesha kidonge cha kutafuna, mbwa anakila kama kipande cha nyama na mwezi mzima kupe hawakai. Bei yake si mchezo, ila nikanunua. Nilipima uzito kwanza, kila mmoja akapata cha kilo zake, wakala baada ya chakula.

Chui yuko salama kabisa. Sijali kesho yake mchana alikataa chakula, akatapika povu, miguu ya nyuma ikaanza kuyumba. Usiku akaanguka barazani: shingo imekakamaa, miguu inapiga hewani, udenda unamtoka, kajikojolea. Alipoinuka alikuwa hatujui, anagonga ukuta. Alfajiri ikajirudia, safari hii fupi. Daktari wa huku akaja akamchoma sindano ya kutuliza, akachukua damu kutafuta vijidudu vya kupe, hakuona kitu. Anahisi kalishwa sumu. Muuza duka anasema dawa yake haiwezi kufanya hivyo, wateja wote wanaitumia. Jirani anasisitiza maziwa na mkaa wa kusaga.

Sasa anakula na anatembea, ila akilala ngozi ya shavuni inachezacheza yenyewe. Je, kidonge kinaweza kuleta haya? Chui aendelee nacho? Na Sijali nimkinge na nini, maana nikimwacha hivihivi kupe watammaliza. Huyu mbwa wanangu wamekua naye, nawaombeni sana.

Ngosha wa Tabata:

Pole sana mkuu. Mimi ningeanza na sumu. Mitaa mingi wezi wanatupa nyama yenye sumu juu ya ukuta siku mbili tatu kabla ya kuja kuiba. Kagueni uani vizuri, na usiku msilale usingizi mzito.

MamaWawili:

Pole jirani, mimi niko Wazo. Nakuomba kitu kimoja: mbwa akiwa kwenye kifafa, au ndiyo kwanza anazinduka, maziwa msimpe. Mkaa msimpe. Hata maji msimmiminie. Hawezi kumeza, yanaingia mapafuni. Mbwa wa shemeji yangu Bunju alinyweshwa maziwa lita nzima kwa nia njema kabisa, akafa kwa nimonia. Na mikono msiingize mdomoni eti mnamshika ulimi, mbwa hamezi ulimi wake. Mtaumwa bure, halafu mnaanza kuhangaika na sindano za kichaa cha mbwa.

Daktari wa Pwani:

Habari, mimi ni daktari wa mifugo, nahudumia zaidi mbwa na paka. Kabla sijasema lolote naomba majibu. Kiambata cha dawa kilichoandikwa kwenye boksi ni kipi? Kuna dawa nyingine alipewa wiki hizo, ya minyoo, ya kuogeshea, sindano yoyote? Banda lilipuliziwa dawa? Na amewahi kuanguka hivyo kabla, hata mara moja, hata utotoni? Boksi usitupe.

Kijana wa Mbagala:

Hivi vidonge vya bei kubwa vya nini, wakuu? Nenda duka la pembejeo ununue ile sindano ya ng'ombe, ivermectin, chupa moja unachoma mbwa wa mtaa mzima. Kupe, minyoo, upele, vyote vinaondoka.

Fundi wa Kinyerezi:

@Kijana wa Mbagala ndugu yangu, usimshauri mtu hivyo. Jirani yangu alimwita kijana anayechanja ng'ombe amchome mbwa wake mwenye upele. Kijana akavuta kwa macho, bila mizani. Jioni mbwa mboni zimepanuka, haoni, anayumba, udenda unatiririka, kisha akalala kama maiti. Walimwekea dripu na kumgeuza ubavu kwa ubavu siku nyingi mpaka akainuka. Walimlea vizuri, ndiyo pona yake.

Daktari wa Pwani:

Fundi kasema kweli, na niongeze hesabu yenyewe. Ile ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwenye kila mililita, na dozi ya ng'ombe ni mililita 1 kwa kilo 50. Kwa mbwa wa kilo 10, hata ukifuata dozi hiyohiyo ya ng'ombe, ni sehemu ya tano ya mililita, tone tu kwenye bomba. Mtu akivuta mililita 2 amezidisha mara kumi. Halafu kuna mbwa, hasa jamii ya Collie na baadhi ya wachungaji wengine, wanaozaliwa na hitilafu kwenye jini linaloitwa MDR1. Jini hilo kazi yake ni kuzuia dawa za namna hii zisiingie kwenye ubongo. Hao hata dozi ya kawaida ya ng'ombe inawaangusha. Chotara huwezi kumjua kwa macho. Na kwa kupe wa mbwa, ivermectin si dawa ya kutegemea hata kidogo. Mnamhatarisha mbwa kwa faida ndogo.

Mkazi wa Madale:

Daktari ahsante sana. Dawa ni ya mwezi mmoja, kiambata ni afoxolaner. Dawa nyingine hakupewa, banda halikupuliziwa. Uani tumepekua, hatukuona nyama wala matapishi mengine. Hilo la utotoni sikuwa na jibu, maana niliwachukua wakiwa wakubwa kidogo, ikabidi nimpigie mama aliyenipa kule Kibaha. Kaniambia Sijali aliwahi kuanguka na kutetemeka akiwa mdogo, wakadhani ni minyoo, haikurudia. Dukani hakuna aliyeniuliza swali hilo. Ningeulizwa, ningempigia siku ileile.

Daktari wa Pwani:

Basi hapo picha inaanza kukaa sawa. Naandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Dawa hiyo iko kwenye kundi la aisoksazolini. Wenzake ni fluralaner, sarolaner na lotilaner, majina ya kibiashara ni mengi. Zote zinafanya kazi kwa njia moja: zinaziba milango inayopitisha kloridi kwenye neva za kupe na viroboto, neva zinachachamaa, mdudu anapooza na kufa. Milango ya namna hiyo mbwa naye anayo, ila ya kwake ina umbo tofauti na dawa haiishiki sana. Ndiyo maana mbwa walio wengi wanatafuna hawaoni tofauti yoyote. Lakini wapo wachache inawagusa. Septemba 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwa kundi zima: baadhi ya mbwa na paka walipata kutetemeka misuli, kuyumba na kifafa. Haikuziondoa sokoni. Ilisema bado ni salama kwa walio wengi, na ikataka maelezo yawekwe kwenye karatasi ya dawa, hasa uangalifu kwa mnyama mwenye historia ya kifafa. Pia ikasema wapo waliopata bila historia yoyote, kwa hiyo kuulizwa dukani kungesaidia sana, ila hakumalizi hatari yote.

Muda nao unaendana. Dawa hizi hufika kilele kwenye damu ndani ya saa chache hadi siku moja hivi. Kutapika, kuyumba, kisha kifafa kesho yake, na kabla hapo aliwahi kuanguka: mimi ningeiweka dawa mbele ya sumu. Sumu za kuua mbwa mara nyingi hazimwachi ainuke akale kesho yake. Hata hivyo sisemi ni hakika. German Shepherd ni kati ya mbwa wenye kifafa cha kurithi, inawezekana ugonjwa ulikuwepo na dawa ikauamsha. Daktari aliyekuja hajakosea kuifikiria sumu, mwambie tu hili la Kibaha, na apime sukari, ini na figo.

Kuhusu kuchezacheza shavu: dawa haitoki mwilini upesi, inakaa wiki kadhaa, na hakuna dawa mahususi ya kuivunja. Tunatibu dalili. Kwa hiyo hizi wiki usimpeleke Sijali kwenye kuoga dawa wala kumpa kitu kipya bila daktari kujua. Akianguka tena, sogezeni vitu vya kumuumiza, zimeni redio na taa, angalieni saa, mmoja achukue video. Ikifika dakika tano haijakata, au zikimjia mbili siku moja, hapo ni dharura hata kama ni usiku wa manane, apakiwe kwenye bajaji aende. Mwili wake utakuwa wa moto, kwa hiyo mpepeeni njiani na mumloweshe nyayo kwa maji ya kawaida, siyo barafu.

Ngosha wa Tabata:

Hapa nimejifunza kitu, narudisha kauli yangu ya sumu. Ila daktari, vipi kuhusu dawa feki? Mjini hapa vingine vinauzwa vimeshinda juani kwenye meza.

Daktari wa Pwani:

Inawezekana, na ndiyo sababu nimesema boksi lisitupwe. Namba ya toleo na tarehe ya mwisho vipo pale. Mpe daktari wako nakala ya kila kitu, mtoe taarifa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Dawa za mifugo nazo ziko chini yao. Mtengenezaji naye apelekewe. Andikeni uzito, saa aliyokula, saa ya dalili ya kwanza. Watu wengi wanaishia kugombana na muuza duka, taarifa haifiki popote, na mbwa mwingine anapewa toleo lilelile.

Mkazi wa Madale:

Nitapeleka. Sasa Chui, daktari? Yeye alikula kidonge kilekile na hana shida, ila ni ndugu yake.

Daktari wa Pwani:

Hapo ndipo pagumu. Kama asingekuwa ndugu ningesema endelea bila wasiwasi mkubwa. Kwa kuwa ni tumbo moja, na kifafa huwa kinarithiwa, mimi ningesubiri kidogo: apimwe, na muangalie Sijali anaelekea wapi. Lakini usimwache wazi. Chui ndiye aliyeugua mwaka jana, na ugonjwa wa kupe hapa Dar unaua mbwa wengi kuliko kidonge hiki. Naona huu uzi unaanza kuwatia watu hofu ya dawa zote, hapana.

Kwa wote wawili, kwa sasa: zungumza na daktari wako kuhusu kola, yaani mkanda wa shingoni, yenye dawa ya kupe ya deltamethrin, au dawa ya fipronil ya kudondoshea mgongoni. Nazo zinagusa neva za mdudu, ila kinachopenya ngozi ya mbwa ni kidogo. Kwa Sijali mngoje atulie kwanza. Fipronil isikaribie sungura, na kama una paka, dawa yoyote ya mbwa yenye permethrin usimpake, inamuua.

Kisha shughulikia banda. Kupe wa kahawia wa mbwa hakai mwilini muda mrefu. Anakunywa damu, anashuka, anajificha kwenye nyufa za ukuta na chini ya mbao, anabadilika, anapanda tena. Ukimtibu mbwa peke yake unafanya nusu ya kazi. Ziba nyufa kwa saruji, choma magunia anayolalia mbwa, fyeka majani karibu na ukuta. Banda likipuliziwa dawa mbwa wasirudi mpaka likauke kabisa.

MamaWawili:

Na kuwatoa kupe kwa mkono jamani, ni kazi lakini inasaidia. Sisi kila jioni tunapitisha masikioni, kwapani, katikati ya vidole. Unamshika kwa kibano karibu kabisa na ngozi, unamvuta taratibu bila kumpasua. Mafuta ya taa hapana, yanamchoma mbwa.

Kijana wa Mbagala:

Nimekuelewa daktari, na Fundi pia. Chupa ninayo ndani, sitaichoma tena kwa mbwa.

Binti wa Kigamboni:

Samahani kuingilia, nimesoma nikiwa natetemeka. Mbwa wangu nimempa leo asubuhi kidonge cha miezi mitatu, mara ya kwanza. Hajawahi kuanguka maishani mwake. Nimtapishe?

Daktari wa Pwani:

Hapana dada, usimtapishe. Chumvi na mafuta usimpe, vitamletea tatizo ambalo hana. Kutoka asubuhi mpaka sasa sehemu kubwa imeshapita tumboni, na uwezekano mkubwa ni kwamba hatapata kitu. Kaa naye karibu leo na kesho, asiachwe peke yake uani. Kutapika mara moja au kukosa hamu ya kula hutokea, siyo dharura. Misuli ikianza kuchezacheza, akiyumba, au akikutazama kama hakujui, mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo na boksi lenyewe. Hiyo ya miezi mitatu inabaki mwilini wiki nyingi, kwa hiyo andika tarehe ya leo kwenye kadi yake ya chanjo, daktari yeyote atakayemtibu ajue anayo.