Tupeane uzoefu: kupiga picha za upinde wa mvua Mtwara na Lindi

Mwanzisha mada, Mtwara mjini

Ndugu wanajamvi, msimu wetu wa mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei, na kila mwaka nasikia watu wakisema kwamba upinde umewapita kabla hawajatoa simu mfukoni. Naomba tupeane uzoefu wa namna ya kuuwahi, kwa sababu naamini si suala la bahati pekee. Upinde hutokea upande unaokabiliana na jua, na mtu aliyesimama kwenye tambarare hawezi kuuona angani jua likiwa limepanda zaidi ya nyuzi 42 juu ya upeo wa macho. Kwa hapa kwetu, kuanzia takribani saa tatu na nusu asubuhi hadi karibu saa tisa alasiri hakuna haja ya kuutafuta. Lakini jioni, manyunyu yakiwa bado baharini na jua likiwa limefunguka upande wa Mikindani, mimi huenda ufukwe wa Shangani, nikaligeuzia jua mgongo na kutazama kule kivuli cha kichwa changu kinakoelekea. Hapo ndipo ulipo usawa wa katikati ya duara la upinde.

Mchangiaji wa Lindi mjini

Mada nzuri sana. Nami husubiri jioni, kwa kuwa kutoka ufukwe wetu mvua inayohamia upande wa Kitunda, ng'ambo ya ghuba, huachwa ikimulikwa na jua la nyuma yetu. Kadiri jua linavyoshuka ndivyo upinde unavyopanda, na karibu na machweo hufikia takribani nusu duara. Wakati huo rangi ya buluu hufifia na nyekundu hutawala, kwa sababu mwanga wa jua umepita katika hewa nyingi zaidi. Nimewahi kuupata wa namna hiyo juu ya ngalawa iliyokuwa imeshusha tanga, maji yakidondoka kwenye ncha ya mrengu. Mguu wa upinde ulikuwa pembeni mwa ngalawa, basi nikatembea hatua chache kuelekea kulia nao ukasogea nami hadi ukakaa juu ya mlingoti. Kila mtazamaji ana upinde wake, kwa hiyo miguu yako ndiyo inayoupanga katika picha. Kabla ya hapo nilikuwa nimefuta lenzi kwa pindo kavu la kanga, maana tone moja tu la mvua hutia ukungu kwenye rangi zote.

Mwanzisha mada

Hilo la kutembea ni muhimu kweli. Niongeze kwamba upinde mzima una upana wa nyuzi 84, na lenzi ya kawaida ya simu nyingi haiutoshelezi. Mwenye lenzi pana aitumie. Asiye nayo achague mguu mmoja na kitu cha kuusindikiza, kama vile kivuko cha Msangamkuu, kuliko kukata duara mahali pasipo na maana. Kisha gusa kioo penye wingu jeusi na upunguze mwanga kidogo, kwa kuwa simu hulifanya wingu hilo kuwa jeupe na rangi zikapotea. Sipendi kabisa desturi ya kuongeza rangi baadaye hadi upinde ung'ae kama taa za harusini.

Mchangiaji wa Newala

Huku juu tuna jambo jingine. Asubuhi ya ukungu, ukisimama Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda wetu wa juu, jua likiwa mgongoni na bonde la Ruvuma likiwa limefunikwa chini yako, huweza kutokea upinde mweupe, mpana, usio na rangi za kutajika. Matone ya ukungu ni madogo mno, hivyo rangi huchanganyika. Hudumu hadi jua linapoukausha ukungu, na kwa kuwa uko mahali pa juu, unaweza kuuona ukishuka chini ya upeo wa macho.

Mchangiaji wa Msimbati

Kwa wenye kamera: mawimbi ya mwanga wa upinde hutetema zaidi kwa kufuata mzingo wake, kwa hiyo filta ya polaraiza, inayopitisha mwanga unaotetema katika mwelekeo mmoja tu, yaweza kukoleza sehemu ya upinde au karibu kuifuta. Izungusheni polepole huku mkitazama kiooni. Na ukionekana upinde wa pili kwa nje, ambao rangi zake zimegeuka, msiuache nje ya picha, wala ile anga nyeusi iliyo kati ya pinde hizo mbili. Aliyewahi kupata upinde wa mbalamwezi pwani hii atueleze alisimama wapi na mwezi ulikuwa umefikia wapi.